Wiki ya Mapumziko ya Daktari Gilchrist

Wageni wetu huingia Jumamosi saa kumi alasiri. Imeandikwa hivyo kwenye tangazo, kwenye barua ninayowatumia, na kwenye kibao kilichopigiliwa getini. Daktari Gilchrist na mama mkwe wake walifika saa nane kasoro robo, mimi nikiwa nimepiga magoti bafuni nasugua sakafu. Nilijua wamefika kwa sababu niliwasikia nje wakibishana kama wagonge mlango au wasigonge.

"Imeandikwa saa kumi, Mama," sauti ya mwanamume ilisema.

"Nina miaka themanini na sita, Lorne. Saa kumi naweza nisiwepo."

Mlango ukagongwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya shangazi yetu Seonaid. Alipofariki alituachia mimi na kaka yangu Farquhar, ambaye anafuga kondoo juu ya bonde na hataki kusikia habari za wageni. Mpwa wetu anayeishi mjini ndiye aliyeitangaza kwenye mtandao, akaiita Kimbilio la Utulivu. Shangazi aliishi humo miaka themanini na mmoja na sikumbuki utulivu wa hata siku moja, lakini mpwa anasema hayo hayaandikwi. Watu wanaipenda. Ina kuta nene, jiko la chuma la kuni, dirisha kubwa linalotazama ziwa, na simu haishiki mtandao mpaka upande kilima hadi kwenye zizi. Wengi wanakuja hasa kwa sababu ya hilo la simu.

Nilifungua mlango na brashi mkononi. Mbele yangu alisimama bibi kizee mfupi, koti la mvua limefungwa mpaka kidevuni, amebeba mto wake mwenyewe, birika lake mwenyewe na mfuko wa viazi. Nyuma yake mwanamume mrefu wa miaka sitini hivi, mabega yamemshuka, anakitazama kile kibao cha getini kana kwamba anakiomba radhi.

"Wewe ndiye wa usafi?" bibi akaniuliza.

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Na usafi anafanya nani?"

"Mimi."

"Basi sikukosea." Akaingia.

Nikamwambia kwamba viazi hata huku kwetu vipo. Akasema hajaviona.

Aliyekodi nyumba hakuwa yeye wala yule bwana. Alikuwa Ailsa Gilchrist, na niliongea naye kwenye simu mwaka uliotangulia, maana wiki za mwezi wa tisa huchukuliwa mapema. Alikuwa na sauti changamfu. Aliniuliza kama mtu anaweza kuogelea ziwani, nikamwambia anaweza ila hatafurahi, akacheka sana. Akasema anataka kumleta mumewe apumzike, kwa sababu tangu wafunge ndoa hajawahi kumwona amepumzika na angependa kujua anafananaje. Kwa hiyo niliuliza ambacho mtu yeyote angeuliza.

"Na Ailsa anakuja nyuma?"

Daktari akatazama viatu vyake. Bibi akaweka viazi mezani, akavisukuma kidogo ili visianguke.

"Ailsa alifariki mwezi wa tatu," akasema. "Taulo zinakaa wapi?"

Nikampa pole, nikampa na taulo. Akashukuru kwa vyote viwili kwa pamoja, kisha akasema taulo ni ndogo.

Baadaye ndipo nilipojua walivyokuja. Hakuna aliyekuwa anataka safari ile. Lakini Ailsa alikuwa ameiandika kwenye kalenda ya jikoni kwa wino mwekundu, na kwenye familia ile kilichoandikwa na Ailsa kwenye kalenda kilikuwa hakina mjadala. Kila mmoja alingoja mwenzake ndiye aseme wasiende. Hakuna aliyesema. Siku ilipofika daktari akaenda nyumbani kwa mama mkwe wake kumjulisha kwamba labda waache, akamkuta amekaa kwenye ngazi za nje, mto magotini, amevaa koti. Wakasafiri kwa muda wa saa sita bila maneno, isipokuwa pale bibi alipomkumbusha abadilishe gia.

Basi mapumziko yakaanza.

Kila asubuhi napeleka mayai kwa wageni. Jumapili nilimkuta daktari kwenye kiti cha dirishani, kitabu kimefunguliwa mapajani ukurasa wa kumi na moja, macho ziwani. Jumatatu nikamkuta kwenye kiti kilekile, ukurasa uleule, ziwa lilelile. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa upole bila nia ya kuacha. Bibi Rankine, yule mama mkwe, alinipokea mayai mlangoni na kunipa ripoti.

"Jana alikaa hapo kwa muda wa saa nane," akasema. "Leo naona anatafuta kumi."

"Si ndiyo kupumzika kwenyewe, mama?"

"Binti, mimi nimeuguza watu. Najua anayepumzika na najua anayesubiri." Nina miaka hamsini na minane, lakini nilikuwa sijaitwa binti siku nyingi na sikumkatalia.

"Anasubiri nini?"

"Ningekuwa najua ningempa, nikapata amani."

Wao wawili waliongea kuhusu jiko tu. Bibi alikuwa na njia yake ya kuwasha moto, daktari alikuwa na njia yake, na zote mbili zilijaza moshi ndani. Nilijaribu kuwaonyesha kipini cha kufungua bomba la moshi. Daktari akasema asante, amekielewa. Bibi akasema alikielewa tangu Jumamosi ila alikuwa anamwachia daktari akivumbue. Jina la Ailsa sikulisikia likitajwa tena. Asubuhi vikombe vilikaa vitatu mezani kwa mazoea, na kabla hawajakaa mmoja wao alikuwa akiinuka kukirudisha kimoja kabatini bila kumtazama mwenzake. Siku nyingine aliinuka yule, siku nyingine huyu.

Sasa niseme habari za kaka yangu.

Farquhar alikuwa na gego bovu upande wa chini kulia, na siku hiyo ya Jumatatu lilikuwa linamuuma kwa siku ya kumi na tisa. Huku kwetu aliyekuwa daktari wa meno alistaafu akarudi kwao, na hajaja mwingine. Farquhar alijiandikisha katika orodha ya mji wa mbali miaka minne iliyopita, na kila mwaka huletewa barua ya kumjulisha kwamba bado yumo kwenye orodha. Kwa hiyo alikuwa anajitibu. Alianza na wiski. Kisha wiski na karafuu. Karafuu zilipoisha akabaki na wiski. Mwishowe akaenda stooni akachukua ile dawa ya kupuliza ya kutibu kwato za kondoo, akajipulizia mdomoni.

Dawa ile ni ya bluu. Haitoki kwenye kwato hata kwa mvua ya mwezi mzima, na ndiyo sifa yake.

"Kaka," nikamwambia, "imeandikwa kwenye kopo isitumiwe kwa binadamu."

"Kondoo hawajalalamika."

Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kwake. Shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limekuwa dogo, midomo ni ya bluu, ulimi wa bluu. Alikuwa anakula uji wa shayiri tu, uliopoa, upande wa kushoto.

Jumatano alishusha kuni pale kwenye nyumba. Nilikwenda naye kumsaidia, maana kuinama kulikuwa kunamtesa. Tulikuwa tunapanga kuni kibarazani Bibi Rankine alipotoka kutukagua. Akamtazama Farquhar kwa muda.

"Huyu anakufa?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Ni jino."

"Kijana, panua mdomo."

Farquhar ana miaka sitini na minne, ana uzito wa fahali mdogo, na sijawahi kumwona akitii amri ya mtu yeyote tangu mama yetu afariki. Alipanua mdomo. Bibi akachungulia, akarudi nyuma hatua moja, akageukia dirisha.

"Lorne! Njoo uone kitu."

Daktari akatoka na kitabu chake, kidole kwenye ukurasa wa kumi na moja. Ndipo nilipojua udaktari wake ulikuwa wa nini. Kwenye karatasi ya kukodi iliandikwa Daktari tu, nami nilidhani ni wa matumbo. Alimtazama kaka yangu shavuni, hakusogea.

"Hilo ni jipu," akasema. "Linapaswa kung'olewa hilo jino. Aende hospitali leo."

"Hospitali ni mwendo wa saa mbili na nusu," nikasema, "na alishaenda wiki iliyopita. Walimpa vidonge wakamwambia atafute daktari wa meno."

"Amempata," Bibi Rankine akasema.

"Mama, mimi nilifunga kliniki. Unajua nilifunga. Sina hata vifaa."

"Begi lako liko kwenye buti la gari, chini ya tairi la akiba."

Daktari akafunga kitabu. "Limefikaje huko?"

"Nililiweka mimi."

"Umepakia koleo za meno kwenye safari ya kupumzika?"

"Pamoja na viazi. Mtu haendi mahali asipopajua bila vitu vya lazima."

Usubi ulikuwa umetoka baada ya mvua kukatika na ulikuwa unatuuma wote wanne bila ubaguzi. Hatimaye daktari akasema kwa adabu kwamba samahani, hawezi. Na Farquhar, akiwa bado na kipande cha kuni mkononi, akasema kwamba hata yeye hataki, jino ni lake. Nikaona nyuso zao wote wawili zimepata nafuu. Walipeana mikono. Daktari akavaa gambuti akaelekea mlimani kutembea, na Farquhar akaenda kwa kondoo wake.

"Wanaume," Bibi Rankine akasema, akaingia ndani kugombana na jiko.

Yaliyofuata niliyapata kwa Farquhar. Aliyasimulia kwa vipande, kipande wiki hii na kipande wiki ile, kwa hiyo nimeyaunga mwenyewe.

Juu ya zizi, kwenye mtaro, alimkuta kondoo jike amelala chali. Kondoo akilala chali hivyo hawezi kuinuka. Tumbo hujaa gesi, miguu inapiga hewa, na asipotokea mtu anakufa hapohapo, wakati mwingine kunguru wakiwa wameshaanza kazi. Huyu alikuwa mzito na mtaro ni mwembamba, na kila Farquhar alipoinama, shavu lilimpiga kama nyundo. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne akaona gambuti mpya za kijani ukingoni mwa mtaro.

"Nishike wapi?" daktari akauliza.

"Manyoya. Bega."

Walimtoa. Wote wawili walilowa matope mpaka kiunoni. Lakini kondoo wa namna hiyo hasimami papo hapo. Ukimwachia anaanguka tena, kwa hiyo lazima wawepo watu wa kumshikilia mpaka damu irudi miguuni. Wakasimama mmoja huku na mmoja huku, kondoo katikati, kama watu walioegemea kaunta moja ya baa. Ilichukua karibu nusu saa. Farquhar si mtu wa maongezi, na mbele ya mtu asiyeongea watu husema mambo yao. Nimeliona hilo mara nyingi.

Daktari alimwambia kwamba Ailsa ndiye aliyekuwa akikaa mapokezi kwenye kliniki yake, miaka thelathini na miwili. Kila mgonjwa aliyekalia kiti cha daktari alikuwa amepitia kwa Ailsa kwanza. Yeye ndiye aliyejua nani anaogopa sindano, nani ana msiba, nani asemeshwe na nani aachwe. Kisha kila mara alifungua mlango akasema "Anayefuata," na mgonjwa akaingia akiwa tayari nusu amepona. Baada ya mazishi daktari alirudi kazini siku ya Jumatatu kama kawaida. Akamaliza mgonjwa wa kwanza, akanawa mikono, akasimama akingoja mlango ufunguliwe. Akangoja. Nje kulikuwa na watu sita wamekaa, nao wanangoja. Alisimama hivyo mpaka saa tano, mpaka mgonjwa mmoja alipochungulia kuuliza kama kuna tatizo. Mwisho wa wiki akafunga.

"Mikono haina tatizo," alimwambia Farquhar. "Watu wanadhani ni mikono."

"Mm," Farquhar akasema.

Wakaendelea kumshikilia kondoo. Baada ya kitambo Farquhar akasema, "Linaniua hili jino, daktari."

"Naona."

"Siku ishirini na moja."

"Na hiyo bluu ni nini?"

Farquhar akamweleza. Daktari akauliza kama imesaidia. Farquhar akasema haijasaidia, ila kwato hazijaoza. Anasema daktari alicheka mpaka akaachia upande wake, na ikabidi wamwinue kondoo upya. Aliposimama vizuri kondoo aliondoka zake bila kugeuka nyuma.

"Kesho saa tatu asubuhi," daktari akasema. "Usinywe kitu."

Jikoni mwa shangazi Seonaid pamefanyika mambo mengi. Mimi nilizaliwa humo, kwa sababu theluji ilifunga barabara. Lakini Alhamisi ile ilikuwa ya pekee. Koleo zilichemka kwenye sufuria ya viazi. Kiti cha mikono kilisogezwa dirishani, kikainuliwa miguu ya mbele kwa juzuu mbili za ufafanuzi wa Biblia ili mtu aegemee nyuma. Mimi nilipewa kazi ya kushika taa, ile ya kufunga kichwani tunayotumia kondoo wanapozaa. Daktari alisoma tarehe kwenye vichupa vya dawa ya ganzi mara mbili, akavipanga juu ya taulo, akaniuliza kama naogopa damu. Nikamwambia mimi ni mfugaji.

Bibi Rankine hakuwemo jikoni. Alikuwa ameweka kiti kidogo kwenye korido, ameketi wima, daftari magotini, amevaa miwani na pambo la broshi kifuani. Mlango ulikuwa wazi kidogo na tulisikia yote.

"Jina?" akauliza Farquhar alipoingia.

"Unalijua jina langu."

"Jina."

"Farquhar Matheson."

"Una miadi?"

"Daktari ameniambia saa tatu."

Kurasa zikafunuliwa. Daftari lile lilikuwa tupu, nililinunua mimi kwa ajili ya wageni kuandika maoni. "Sawa, naona hapa. Kaa pale kwenye benchi."

"Lakini hakuna mtu mwingine, mama. Niko peke yangu."

"Kaa pale, kijana. Daktari anajiandaa."

Farquhar akakaa. Daktari alikuwa ameshajiandaa. Alisimama kando ya meza, mikono imeoshwa, ameiinua mbele ya kifua, hana la kufanya. Alinitazama mimi, nami nikaitazama taa. Saa ya ukutani ya shangazi ina kelele na ilikuwa inafanya kazi yake. Zilipita dakika kumi kamili. Kwenye korido nilimsikia bibi akimwambia kaka yangu kwamba asiwe na wasiwasi, kwamba daktari ana mkono mwepesi, kwamba sindano atahisi kama kung'atwa na usubi na baada ya hapo hatahisi kitu. Akamuuliza ana kondoo wangapi. Akamuuliza majina ya mbwa. Farquhar akamjibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

Kisha kiti kikasogezwa, mlango ukafunguliwa mpaka mwisho, na Bibi Rankine akasimama pale.

"Anayefuata," akasema.

Mimi sauti ya Ailsa niliisikia mara moja tu, kwenye simu, mwaka mzima nyuma. Lakini niliitambua. Ilikuwa ni ileile, imezeeka tu. Sijui kama alifanya makusudi au kama ndiyo sauti ambayo mtoto aliichukua kwa mama yake. Sikuwahi kumuuliza.

Daktari akageukia sinki. Alifungua maji akaanza kunawa mikono ambayo alikuwa amekwisha kuinawa. Alinawa muda mrefu sana. Mabega yake yalikuwa yanakwenda juu na chini. Bibi akabaki mlangoni, mkono kwenye kitasa, anatazama mgongo wake. Farquhar alisimama nyuma ya bibi na midomo yake ya bluu, ameshika kofia. Maji ya kwetu yanatoka mlimani na ni ya baridi ya kuuma, na nilifikiri vidole vitamganda.

Akafunga bomba. Akajifuta kwa taulo ndogo.

"Karibu, Bwana Matheson," akasema. "Kaa tuone."

Gego lilikuwa na mizizi miwili na mmoja umepinda. Dawa ya ganzi ilikataa mwanzoni kwa sababu ya usaha, akangoja, akachoma tena. Kazi ilichukua dakika arobaini. Farquhar alinishika mkono ambao haukuwa na taa, na alama za vidole vyake nilikaa nazo mpaka wiki ya pili. Daktari aliongea wakati wote kwa sauti ya chini, akimweleza anachofanya na anachokaribia kufanya, na mikono yake, kama alivyosema, haikuwa na tatizo lolote. Likatoka. Likalia kwenye sahani.

Bibi Rankine akaja kulitazama.

"Nimeona mabaya zaidi," akasema.

"Wapi?" Farquhar akauliza kupitia pamba.

"Kwa marehemu mume wangu. Naye alikuwa mkaidi."

Ijumaa mchana nilikwenda na mashuka. Mwanamke anayeleta barua alikuwa amemkuta Farquhar barabarani na shavu lake dogo, na huku kwetu hiyo inatosha. Yule mwanamke alikuwa kibarazani mwa wageni, hana barua yoyote mkononi, ameshika taya. Bibi Rankine alikuwa amekaa mlangoni kabisa, ametandaza sketi, hakuna pa kupita.

"Daktari amelala," alikuwa akimwambia. "Amelala tangu jana saa kumi na moja jioni. Hajaamka hata kula. Mimi nimeingia mara tatu kuangalia kama anapumua."

"Nitasubiri, mama."

"Subiri nyumbani kwako. Nikiona mtu anagonga huu mlango nitamtia jino bovu mimi mwenyewe."

Yule akaondoka. Daktari aliamka saa tisa, akamwona yule wa barua kesho yake asubuhi kabla ya kuondoka, akamwambia ni ufizi tu asugue vizuri. Lakini hiyo Ijumaa, nilipokuwa juu natandika, nilimsikia akishuka ngazi, akaomba chai. Kisha wakaanza kugombana, na safari hii haikuwa kuhusu jiko.

"Alichagua hapa kwa sababu hapana watu," daktari akasema. "Alitaka tukae tu."

"Ailsa? Akae? Alichagua hapa kwa sababu pana ziwa. Angekuwa majini tangu Jumamosi."

"Alikuwa hapendi baridi, Mama."

"Wewe ulikuwa hupendi baridi. Yeye aliogelea na mimi mwezi wa kumi na mbili akiwa na miaka tisa, na hakutaka kutoka."

"Hakuniambia."

"Hukumuuliza. Ulikuwa kwenye meno ya watu."

Nikasimama na foronya mkononi nikifikiri sasa ndiyo basi. Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe. Wakaendelea, wakipandishana sauti, kuhusu kama alikuwa anatia sukari kwenye uji au chumvi, kuhusu ile nguo ya zambarau, kuhusu nani alimfundisha kuendesha gari na kwa hiyo nani alaumiwe. Hawakukubaliana hata kwa moja. Ilikwenda hivyo karibu saa nzima na mimi nimemaliza kutandika zamani lakini hakuna ngazi nyingine ya kushukia.

"Na alikuwa akiimba," daktari akasema mwishowe. "Pale mapokezi. Nilikuwa namsikia kupitia mlangoni. Aliimba vibaya."

"Vibaya sana," Bibi Rankine akasema.

"Wagonjwa walikuwa wanalalamika."

"Hata kanisani walimwomba apunguze."

Hapo nikasikia chai ikimiminwa. Nikaona nafasi, nikashuka nikiwa nimekumbatia mashuka machafu, nikapita katikati yao. Walikuwa wameketi mezani wanatazamana, wote wawili macho mekundu, na vikombe vitatu vya chai, cha tatu kimejazwa. Bibi akakisukuma upande wangu. "Kaa unywe, binti," akasema. "Umesimama huko juu muda mrefu."

Jumamosi wageni hutoka saa nne. Wao walitoka saa sita, kwa sababu walishindwa kukubaliana njia. Farquhar alileta mguu wa kondoo uliofungwa kwenye gazeti, akampa daktari kupitia dirisha la gari, akasema, "Haya," akaondoka.

Mwezi wa pili mwaka huu simu ililia nikiwa nalisha kuku. Alikuwa Bibi Rankine. Alitaka kujua kama ufizi wa Farquhar umefunga vizuri. Nikamwambia umefunga, na midomo imerudi rangi yake, karibu yote. Akaniambia Lorne anafanya kazi siku mbili kwa wiki kwenye kliniki ya mwenzake, anakula, analala, anaendesha gari vibaya. Na yeye hukaa mapokezi siku hizo mbili. Wiki ya kwanza walimwambia haiwezekani kwa umri wake, wiki ya pili wakamwambia tena, na tangu hapo wameacha kumwambia.

Nikampa Farquhar simu. Alisema "mm" mara nne, akasema "na wewe, mama," akanirudishia, akachukua ndoo akaenda kwa kondoo.

"Kuna theluji huko?" bibi akaniuliza.

"Mpaka dirishani."

"Fagia mapema isigande," akasema. Nyuma yake nilisikia mlango, na mtu akikohoa. "Haya, binti, nina watu wamekaa hapa," akakata simu.